Viazi vya "eafraya" bila eafraya: mafuta vijiko viwili, moto juu na chini

Mwezi huu naandika juu ya chakula. Najua kuna watakaosema mwalimu ameishiwa, badala ya kutuandikia masomo anatuandikia chipsi. Ngojeni kwanza msome. Hesabu zimo humu ndani, tena za kutosha.

Habari hii imeanzia kwenye simu. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani, Kanada na Australia wanatutumia video za maisha yao, na siku hizi karibu kila jiko wanalotuonyesha lina kidude kimoja mezani, cheusi, kama ndoo ndogo yenye mshikio mbele kama wa droo. Wanatia viazi vilivyokatwa vinene, wanasukuma droo, wanabonyeza. Dakika ishirini baadaye wanavuta, na viazi vimekuwa rangi ya dhahabu, vikitafunwa vinalia kru-kru. Sufuria ya mafuta haionekani kabisa. Watoto wetu wanarudia hiyo video mara tano, halafu wanamgeukia mama: na sisi lini? Mama naye anatoa lile jibu tulilozoea hapa kambini kwa kila kitu: "Tutakula tukifika."

Hilo jibu ndilo lililonisukuma niandike. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi ambazo mafaili yao yalikuwa yamefika mbali zikabaki zinahesabu miezi. Mtoto aliyeambiwa "tutakula tukifika" akiwa na miaka minne, sasa yuko darasani kwangu na anajua kuandika barua. Viko vitu ambavyo kweli ni lazima tuvisubiri. Kiazi hakimo katika hivyo.

Hicho kidude kinafanya nini hasa

Jina lake ni eafraya, maana yake mashine ya kukaanga kwa hewa. Mbuni wake ni Mholanzi mmoja, Fred van der Weij, na kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoizindua mbele ya watu mwaka 2010, katika maonyesho ya vifaa vya umeme mjini Berlin. Baadaye makampuni mengine yakatengeneza za kwao, ndiyo maana leo zimejaa kila mahali.

Sasa sikilizeni siri yake. Jina linasema kukaanga, lakini mashine haikaangi kitu. Ile ni oveni ndogo yenye upepo, basi. Juu ndani kuna waya unaowaka kwa umeme, kama ule wa jiko la umeme. Juu ya waya kuna feni. Chini kuna kikapu chenye matundu. Feni inasukuma hewa ya moto, yenye joto la nyuzi 200 hivi, inazunguka viazi pande zote na kupita hata chini yake kwenye yale matundu. Kiazi kikianza kutoa mvuke, upepo unaufagia. Kwa hiyo juu panakauka haraka, ganda linapatikana, na ndani kiazi kinabaki laini.

Wanafunzi wangu waliniuliza kama tunaweza kuitumia hapa kwa sola. Tukapiga hesabu ubaoni. Mashine ya kawaida inakula wati 1500 hivi. Paneli ndogo ya kuchaji simu na kuwasha taa, tuseme ni ya wati 50. Gawanya 1500 kwa 50. Unahitaji paneli 30, zote zikiwa juani, ili familia moja ipike sahani moja ya viazi. Darasa zima lilicheka.

Lakini tukishajua kwamba kazi ya ile mashine ni joto kutoka juu, joto kutoka chini, na mvuke kuondolewa, hatushindwi. Mama zetu wanapika keki na mikate kwa moto juu na chini tangu zamani, Fizi, Uvira, Bujumbura, na hapa Kigoma vilevile. Sufuria, kifuniko, makaa chini, makaa juu. Hiyo oveni tunayo. Kinachokosekana ni feni, na hiyo tutaitafutia njia.

Mafuta: kule wanayakimbia, huku tunayatafuta

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye maneno.

Kule Marekani hiyo mashine inauzwa kwa kusema: kula chipsi bila mafuta mengi, upunguze uzito, ulinde moyo. Kwao ni sawa. Chipsi za kuzamisha kwenye mafuta zinakuwa na gramu 10 hadi 15 za mafuta katika kila gramu 100, na mtu anayekula nyama kila siku, siagi kila siku, akiongeza hizo, anaumia. Lakini mtu asije akakwambia hapa kambini kwamba mafuta ni mabaya kwa mtoto. Mtoto mdogo anahitaji mafuta ili akue, tumbo lake ni dogo na uji mtupu haumtoshi. Tena mafuta ya mgao yanaongezwa vitamini A, ambayo inasaidia macho na kinga ya mwili. Sisi hatupunguzi mafuta kwenye viazi ili tukonde. Wengi tumekonda tayari. Tunapunguza kwenye viazi ili yabaki ya maharage na ya uji wa mtoto.

Angalieni hesabu. Kiwango kamili cha mgao wa mafuta ni gramu 20 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2023 mgao wa chakula katika kambi za Tanzania ulishushwa hadi nusu. Tuchukue basi gramu 10 kwa mtu. Familia ya watu sita inapata gramu 60 kwa siku, yaani vijiko vinne vya kulia na kidogo, kwa mboga zote, asubuhi mpaka usiku.

Sasa ukitaka kukaanga chipsi za kuzamisha, hata kwenye karai dogo, unahitaji nusu lita ya mafuta ndipo viazi vielee. Nusu lita ni gramu 460 hivi. Hayo ni mafuta ya siku saba na zaidi ya familia nzima. Mtu atasema, "Mwalimu, si yanabaki, nitayatumia tena?" Ndiyo, mengi yanabaki, lakini viazi vimekunywa sehemu yao, na yaliyobaki ukiyachemsha mara mbili, mara tatu, yanakuwa meusi, yanatoa povu na harufu, na mboga yote ya wiki inanuka chipsi. Na familia ambayo haina hiyo nusu lita kwa mara moja haiwezi hata kuanza. Ndiyo sababu chipsi zimekuwa chakula cha kununua sokoni, na mtoto ambaye mama yake hana hela anasimama pembeni ya karai akinusa.

Kwa njia nitakayoieleza, kilo moja ya viazi inataka vijiko viwili vya kulia vya mafuta. Gramu 28 hivi. Chini ya nusu ya mafuta ya siku moja. Siyo kitu cha kila siku, sikatai, lakini ni kitu cha Jumapili, au cha siku mtoto ameleta ripoti nzuri.

Kiazi chenyewe

Majina ni mengi. Sisi tuliotoka Kivu wengine tunasema pomuditeri, wenzetu Warundi wanasema ibiraya, neno ambalo ukilisikiliza vizuri unasikia Ulaya ndani yake, na wenyeji wetu wanasema viazi mviringo au mbatata. Cha ajabu, kiazi hicho hakikutoka Ulaya. Kilitoka milima ya Andes, Peru na Bolivia, Wazungu wakakichukua huko kabla hakijatufikia. Kwa hiyo na chenyewe kimehama sana, tusikitanie.

Sokoni usichague kwa ukubwa tu. Unataka kiazi chenye unga mwingi, siyo chenye maji. Ukikata kimoja katikati na kusugua vile vipande viwili pamoja, chenye unga kinatoa povu jeupe na vipande vinashikana kama vina gundi. Kichanga sana, kile ambacho ganda linatoka ukisugua kwa kidole gumba, kina maji, kitabaki kulegea hata ufanye nini. Kichemshie mchuzi.

Na kitu kimoja cha hatari: kiazi kilichokaa kwenye mwanga kikawa kijani kina sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Kama ukijani ni kidogo, kata sehemu hiyo kwa kina pamoja na macho yote yaliyochipua. Kama ni kijani kizima, au ukionja ni kichungu, tupa. Najua kutupa chakula kunauma, lakini mtoto akiumwa tumbo na kutapika inauma zaidi. Viazi viwekwe gizani, mahali pakavu, kwenye gunia au boksi.

Kukata na kuchemsha nusu

Osha vizuri kwa brashi au kwa kitambaa kigumu, usimenye. Ganda likioshwa linaliwa, na ukimenya unatupa chakula. Kata kiazi katikati kwa urefu, kila nusu kata tena kwa urefu, kila robo kata tena. Vipande vinane, kama vya chungwa, unene wa kidole upande wa ganda. Vilingane. Kimoja kikiwa chembamba na kingine kinene, chembamba kitaungua wakati kinene bado. Wavulana wanaweza kufanya kazi hii, sijasikia kisu kilichokataa mkono wa mwanamume. Ila mtoto alaze upande uliokatwa chini kwanza ndipo akate, kiazi kisimteleze.

Wenye mashine wanaloweka vipande kwenye maji baridi nusu saa, ule unga wa juu utoke, maana ukibaki unaungua na kuvishikanisha vipande. Sisi tutachemsha nusu. Inafanya kazi hiyo hiyo na zaidi, kwa sababu moto wa makaa hauna nguvu sawa na umeme, hivyo ni bora ndani paive kwanza.

Chemsha maji yenye chumvi. Ukiwa na magadi, tia kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Akina mama wanajua magadi yanalainisha maharage, na hapa yanafanya vivyo hivyo: yanalegeza ngozi ya nje ya kiazi, inakuwa na chengachenga, na hizo chengachenga ndizo zitakazokuwa kru-kru. Yakizidi, viazi vitakuwa na ladha ya sabuni. Usipokuwa nayo, endelea, vitatoka vizuri tu.

Tia viazi, maji yakichemka tena hesabu dakika saba. Vikiguswa kwa ncha ya kisu viingilike pembeni lakini katikati bado vigumu. Mwaga maji, rudisha sufuria kwenye joto nusu dakika bila kifuniko, halafu shika masikio yake kwa kitambaa uitikise kama unapepeta. Pembe za viazi zitachubuka na kuwa na unga mweupe. Usiogope, ndivyo tunavyotaka.

Kuni je? Hilo nalo nimeliwaza, maana kuni nazo ni shida yetu. Usiwashe moto kwa ajili ya viazi peke yake. Vichemshe maharage yakiwa yameshaiva na moto bado upo, na makaa yanayobaki kwenye kuni ndiyo utakayotumia kuokea. Makaa hayo siku nyingine tunayaacha yafe bure.

Maji ndiyo adui

Ukinipa nafasi ya kusema jambo moja tu katika ukurasa huu, nitasema hili: kausha viazi. Watu wengi wanakosea hapa, hata wale wenye mashine, halafu wanailaumu mashine.

Sababu yake ni ya darasani. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kiazi kikiwa na maji juu, joto lote linatumika kuyachemsha yale maji, na ngozi ya kiazi haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Lakini ile rangi ya dhahabu na ile harufu inayoita majirani huanza kujitokeza vizuri joto likifika nyuzi 140 hivi. Mpaka maji yaishe, unachemsha, hujaanza kuoka. Na maji yakikawia kuisha, kiazi kinalegea na kunata kwenye sufuria.

Kwa hiyo vitandaze kwenye sinia au kitambaa safi, mbalimbali, visipandane. Juani dakika kumi na tano zinatosha, funika kwa neti au khanga nyepesi kwa ajili ya nzi. Vikiwa tayari utaona: juu pamekuwa peupe, pakavu, ukigusa unaona unga kwenye kidole.

Viungo na mafuta

Weka viazi kwenye beseni, mwagia vijiko viwili vya mafuta, geuza kwa mikono taratibu mpaka kila kipande king'ae. Usiache kabisa mafuta eti kwa kuwa ya hewa hayahitaji. Ile mafuta nyembamba ndiyo inayosambaza joto juu ya kiazi. Bila hiyo vinatoka vikavu, vigumu kama ngozi ya ngoma.

Mawese yanafaa pia, na hapa Kigoma hayana shida kupatikana. Yanatoa harufu ya nyumbani, mimi nayapenda kuliko mafuta meupe. Ila viazi vinakuwa vyekundu tangu mwanzo, kwa hiyo usipime kuiva kwa rangi, pima kwa kugonga na kijiko, vikilia vikavu vimekuwa.

Viungo: chumvi kijiko kimoja cha chai, siyo cha kujaa, kwa sababu maji yalikuwa na chumvi tayari. Pilipili kavu iliyotwangwa kwa wanaoipenda, watoto wawekewe zao pembeni. Binzari kidogo kama ipo. Kipande cha Maggi kikivunjwavunjwa kinakolea vizuri, lakini basi punguza chumvi. Wengine wananyunyizia kijiko kimoja cha unga wa mahindi, hiyo ni akili nzuri, inaongeza ganda, na unga wa mahindi ndicho kitu ambacho hatukosi.

Kitunguu saumu kibichi usikitie mwanzoni. Kinaungua kabla ya kiazi na kinakuwa kichungu. Kitwange, changanya na chumvi na matone ya ndimu, mwagia viazi vikishatoka motoni. Vikipata ile harufu vikiwa bado moto, mtu wa klasta ya jirani atakuja kukuuliza unapika nini.

Moto juu na chini

Chagua sufuria pana na nzito, yenye sakafu bapa. Iweke kwenye makaa machache ipate moto kwanza, tupu, dakika tatu. Panga viazi safu moja tu, upande uliokatwa chini, viachane kidogo. Kama havienei, oka mara mbili. Ukivirundika vitapikana kwa mvuke na utapata viazi vya kuchemsha vyenye pilipili.

Funika kwa kifuniko bapa cha chuma au sinia, na juu yake weka makaa. Juu yawe mengi kuliko chini, kama unavyofanya kwa keki. Sasa ile feni tusiyokuwa nayo: weka mpini wa kijiko cha chuma kati ya sufuria na kifuniko, ibaki nafasi ndogo upande mmoja. Mvuke utatokea hapo. Ukifunika kabisa, mvuke unagonga kifuniko, unageuka maji, unarudi juu ya viazi, na kazi yote ya kukausha imepotea. Hilo ndilo linalotutofautisha na keki.

Baada ya dakika kumi na tano fungua kwa uangalifu majivu yasiingie, futa maji kwenye kifuniko, geuza viazi upande wa pili. Rudishia makaa, ongeza kama yamekuwa majivu. Dakika kumi hadi kumi na tano nyingine. Moto wa makaa hauna namba, kwa hiyo tumia macho na pua. Toa vikiwa rangi ya dhahabu, usisubiri vifike kahawia iliyokolea. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikiokwa au kukaangwa kwa joto kali vinapata kemikali inayoitwa akrilamaidi, ambayo si nzuri kwa mwili, na kadiri unavyoviunguza ndivyo inavyozidi. Dhahabu inatosha.

Tafadhali, pikeni nje au kwenye jiko lililo wazi. Makaa ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Mvua ikinyesha usiingize jiko la makaa chumbani eti kumalizia viazi. Acha viazi viharibike.

Kuna faida nyingine ya njia hii ambayo wazee wataielewa haraka: hakuna karai la mafuta ya moto. Kambini watoto wanakimbia jikoni, nyumba nyingine ni za nyasi na maturubai. Kwa wale wanaoendelea kukaanga kwa biashara, mkumbuke kwamba mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji kamwe, maji yanayarusha mafuta yakiwa yanawaka. Funika kwa kifuniko au sinia, toa moto chini, acha ipoe.

Kwa ndugu walioko mbali

Najua gazeti hili linapigwa picha na kutumwa mpaka Amerika, kwa hiyo na nyie sikilizeni. Mashine nyingi za huko zinaandika joto kwa Farenhaiti, msishangae kuona 400, ni karibu sawa na nyuzi 200 zetu. Loweka nusu saa, kausha kwa taulo mpaka pakavu kweli, kijiko kimoja cha mafuta kwa nusu kilo, washa mashine dakika tatu kabla, weka nusu ya kikapu tu, dakika ishirini, tikisa katikati. Msijaze kikapu eti kuokoa umeme. Na mkimtumia bibi video, mwonyesheni na mnavyoosha vyombo.

Ukikosa mbatata, viazi vitamu vinafuata njia hiyo hiyo lakini vina sukari, vinawahi kuungua. Chemsha dakika nne tu, makaa ya juu yapunguze, na usitegemee vikauke sana, vitakuwa laini vyenye ganda jembamba. Muhogo mtamu uchemshe mpaka upasuke, ndipo uukaushe na kuuoka, na huo kwa kweli unashinda mbatata kwa kru-kru. Ule mchungu usiujaribu hivi, huo ni wa kuloweka na kuanika kama tulivyofundishwa nyumbani.

Vikibaki, jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kutokea, usivifunike vikiwa moto. Asubuhi virudishe kwenye sufuria kavu bila mafuta, dakika tano juu ya makaa ya chai, kifuniko wazi, mtoto atavila kabla ya kwenda shule.